Al-Khwarizmi: Mwanahisabati Aliyehesabu Mirathi

Kila mwanafunzi wa shahada ya hisabati hukutana na Muislamu huyu katika mwaka wake wa kwanza, ingawa wengi hawamtambui. Neno aljebra limetoka katika jina la kitabu chake. Neno algorithimu, wanalolitumia sana ndugu zetu wa kompyuta, limetoka katika jina lake mwenyewe.

Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi alizaliwa mnamo mwaka 780. Jina lake linahusishwa na Khwarazm, nchi iliyo kusini mwa Bahari ya Aral. Alifanya kazi Baghdad, katika Baytul Hikma, zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Wakati huo vitabu vya Wayunani na Wahindi vilikuwa vikitafsiriwa kwa Kiarabu. Yeye aliandika kuhusu nyota, jiografia, na tarakimu za Kihindi pamoja na sifuri, ambazo ndizo asili ya tarakimu tunazoandika leo.

Kitabu chake mashuhuri ni cha al-jabr na al-muqabala. Hakutumia herufi wala alama. Alieleza yote kwa maneno, na kisichojulikana alikiita kitu. Aligawa milinganyo katika aina 6, akafundisha njia ya kufumbua kila aina, kisha akachora miraba kuthibitisha kwa nini njia zake ni sahihi.

Wasichokijua wengi ni kwamba sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi. Mafungu yametajwa katika Suratun Nisaa: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Lakini kukiwa na deni au wasia, hesabu hugeuka ngumu.

Chukua mfano wake mmoja. Mtu amefariki, ameacha watoto wawili wa kiume na dirhamu 10 taslimu. Mtoto mmoja anadaiwa na marehemu dirhamu 10 nyingine. Marehemu ameusia thuluthi ya mali kwa mtu baki. Al-Khwarizmi anaita kitu kile kiasi cha deni kitakachohesabiwa kuwa fungu la mdaiwa. Mali basi ni 10 na kitu. Ukitoa thuluthi ya wasia na kugawa kilichobaki kwa wawili, kila mtoto anapata thuluthi ya mali, na fungu hilo ni sawa na kitu chenyewe. Jibu ni 5. Mdaiwa fungu lake limo katika deni. Zile dirhamu 10 taslimu ndugu yake anachukua 5 na mwenye wasia 5.

Al-Khwarizmi alifariki mnamo mwaka 850. Katika karne ya 12 kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini, na Ulaya ikajifunza aljebra kwacho.

Ndugu mwanafunzi, usikariri kanuni kwa ajili ya mtihani tu ukazisahau siku ya pili. Msiba ukitokea nyumbani, wajane na mayatima huweza kukosa haki yao kwa sababu tu hakuna anayejua kuigawa. Wewe uliyesoma hisabati, kaa na masheikh ujifunze elimu ya faraidhi, ili siku hiyo hesabu yako iwasaidie.

Mwenyezi Mungu amrehemu al-Khwarizmi, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.