Mtoto wa Kabete na Mashoka ya Mawe

Jina la marehemu Dk. Louis Leakey wengi wetu tunalijua, hasa sisi tuliopata kufundisha historia. Ila si wote wafahamuo kwamba alikuwa mtoto wa misioni. Alizaliwa Kabete, karibu na Nairobi, tarehe 7 Agosti 1903. Baba yake, Padre Harry Leakey wa C.M.S., alikuwa miongoni mwa waliotafsiri Maandiko katika Kikikuyu. Louis alikua pamoja na watoto wa Kikuyu, akasema lugha yao kama wao, akapokewa katika rika lao. Mwenyewe alikusudia kuwa mmisionari.

Alipokuwa na miaka kumi na mitatu hivi, aliletewa kutoka Uingereza kitabu kilichoeleza watu wa kale wa Ulaya na vyombo vyao vya gumegume. Gumegume ni jiwe gani, mtoto wa Kabete hakujua. Basi akaanza kuokota kila kijiwe cheusi chenye kung'aa kama chupa kilichofunuliwa na mvua. Wenyeji waliviita nyembe za mizimu. Wakubwa nyumbani walimcheka. Hatimaye alimwonyesha Arthur Loveridge, mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, naye akamthibitishia kwamba baadhi ya vijiwe vile vilichongwa na mikono ya watu.

Kosa lile la kitoto lilikuja kumfaa sana. Mwaka 1913 mtaalamu wa Kijerumani, Hans Reck, alikuwa amechimba mifupa katika korongo la Olduvai, nchini Tanganyika, akarudi akisema hakuna vyombo vya mawe mahali pale. Sababu ni kwamba macho yake yalitafuta gumegume, kama kwao. Leakey alijua kuwa watu wa kale wa huku walichonga mawe ya volkano na mawe mengine ya nchi yao. Mwaka 1931 walikwenda Olduvai pamoja, wakawekeana dau la pauni 10: Leakey alisema atapata chombo cha mawe kabla ya saa ishirini na nne kupita tangu kufika. Kuweka dau hatukusifu katika gazeti hili, lakini alishinda. Shoka la mkono lilipatikana, na baada yake mengine mengi.

Shoka hilo halina mpini. Ni jiwe lenye umbo kama kokwa la embe, limechongwa pande zote mbili hadi likawa na ncha na makali, na upande mnene unakaa kiganjani. Lilifaa kuchuna ngozi, kukata nyama na kuchonga miti. Leakey alijifunza kuyachonga mwenyewe, na alipenda kuwaonyesha watu jinsi ya kuchuna mnyama kwa jiwe. Sisi tuliwahi kuwajaribisha wanachuo wetu wa ualimu kazi hiyo. Kipindi kilikwisha tukiwa na kidole kimoja kinachotoka damu na shoka hata moja hatukupata. Tangu siku hiyo hakuna mwanachuo aliyewaita watu wale wajinga.

Lakini tusimpambe mno. Mwaka 1932, huko Kanam karibu na Ziwa Viktoria, Juma Gitau wa kundi lake alipata kipande cha taya, na Leakey akatangaza kwamba ni cha mtu wa kale sana. Mtaalamu mmoja alipokuja kukagua, Leakey hakuweza kumwonyesha mahali penyewe. Vigingi vya chuma alivyoweka vilikuwa vimeondolewa, na picha aliyoitoa haikuwa ya mahali pale. Mwaka 1935 aibu hiyo ilichapishwa mbele ya wataalamu wote. Mwaka uliofuata aliachana na mkewe Frida, mama wa watoto wake wawili, akamwoa Mary Nicol. Jambo hilo lilikuwa pigo kwa nyumba ya misioni iliyomlea, na huko Cambridge milango ikafungwa.

Mary ndiye aliyemfundisha uangalifu katika kuchimba. Mwaka 1942, huko Olorgesailie, walikuta mashoka yamelala chini kwa wingi ajabu. Hayakuondolewa yote; tangu 1947 wageni wamekuwa wakiyatazama pale pale yalipoachwa.

Kwa miaka karibu thelathini Leakey alikuwa na mashoka bila mwenyewe. Mwaka 1959 Mary aliona fuvu mashuhuri la Olduvai wakati mumewe amelala kambini na homa, lakini yule siye aliyechonga mashoka ya mkono. Mwezi wa Desemba 1960 Leakey mwenyewe akaokota fuvu jingine, lenye nyusi nene za mfupa, la namna ya watu wanaohesabiwa kuwa mafundi wa mashoka hayo. Umri wake ni kama miaka 1,400,000.

Wanafunzi walikuwa wakituuliza: basi, Mwalimu, Adamu yuko wapi? Leakey naye aliulizwa hivyo mara nyingi, na siku zote alishikilia kwamba mambo ya mifupa hayapingani na imani katika Muumba. Sisi tuliwajibu kwamba Mwanzo hakutaja hesabu ya miaka. Baadhi yao walitosheka.

Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, kwa ugonjwa wa moyo. Walimrudisha Kenya, wakamzika Limuru, karibu na makaburi ya baba na mama yake.