Godtfred Kirk Christiansen: Mwana wa seremala aliyetawanya matofali ya LEGO duniani

SAA saba na dakika 58 mchana mnamo Januari 28, 1958, ombi la hataza lilipokelewa katika afisi ya serikali jijini Copenhagen, Denmark. Lilihusu tofali dogo la plastiki, lenye vinundu vinane juu na mirija mitatu tumboni.

Mwenye ombi alikuwa Godtfred Kirk Christiansen, mwanamume wa miaka 37 kutoka Billund, kijiji kilichokuwa katikati ya nyika ya rasi ya Jutland. Majuma sita baadaye babake, Ole Kirk Christiansen, aliaga dunia, na mzigo wote wa kampuni ya LEGO ukamwangukia mwana.

Watu wengi wanaoijua LEGO humtaja Ole Kirk, mwasisi wake, na kuishia hapo. Ni kweli kwamba mzee huyo ndiye aliyeanzisha. Lakini aliyeyavusha matofali hayo mipaka ya Denmark hadi yakaingia katika nyumba za Ujerumani, Uingereza na Marekani ni mwanawe wa tatu, na safari yenyewe haikuwa ya mteremko.

Godtfred alizaliwa Julai 8, 1920. Babake alikuwa amenunua karakana ya useremala hapo Billund mwaka wa 1916, akawa akiwatengenezea wakulima milango, madirisha na samani. Mwaka wa 1924, Godtfred akiwa hajatimiza miaka minne, yeye na kaka yake Karl Georg walichezea jiko la kuyeyushia gundi. Moto ukayashika maranda yaliyokuwa sakafuni, na karakana pamoja na nyumba ya familia vikateketea.

Ole Kirk alijenga upya, tena jengo kubwa kuliko uwezo wa mfuko wake. Kisha mdororo wa uchumi uliotikisa dunia baada ya 1929 ukawafikia wakulima wa Jutland, na wateja wakakauka. Mnamo 1932 mkewe, Kirstine, alifariki na kumwachia wavulana wanne. Ni katika mwaka huohuo wa msiba ambapo seremala huyo alianza kutengeneza vidude vidogo vya mbao ambavyo wakulima wangeweza kumudu bei yake: ngazi, mbao za kupigia pasi na vichezeo vya watoto. Godtfred, aliyekuwa na umri wa miaka 12, akaanza kazi karakanani.

Katikati ya mwongo huo karakana ilipata jina la LEGO, lililotokana na maneno mawili ya Kidenmaki yenye maana ya kucheza vyema.

Kuna kisa kimoja cha enzi hizo ambacho Godtfred mwenyewe alipenda kukisimulia uzeeni. Alikuwa amepeleka shehena ya bata wa mbao kwenye stesheni ya reli, akarudi nyumbani akijigamba kwamba ameiokolea karakana pesa kwa kuwapaka bata hao vanishi mara mbili badala ya tatu. Babake hakumpongeza. Alimwamuru arudi stesheni, ayafungue makasha yote, awapake bata mkono wa tatu na kuwafunga upya, peke yake, hata kama kazi hiyo ingemkesha usiku kucha. Baadaye kijana huyo alichonga kibao chenye wosia wa babake kuhusu ubora na kukitundika ukutani karakanani.

Denmark ilivamiwa na Ujerumani mwaka wa 1940. Miaka miwili baadaye kiwanda kikaungua kwa mara nyingine, na mifano yote ya vichezeo ikawa jivu. Ole Kirk, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 50, alikaribia kukata tamaa. Hata hivyo, kiwanda kilijengwa tena.

Baada ya vita mzee huyo alifanya uamuzi ulioonekana wa kichaa. Mwaka wa 1946 aliagiza kutoka Uingereza mashine ya kumimina plastiki kwenye kalibu, kwa bei ya kroner 30,000, fedha nyingi mno kwa fundi wa mbao wa kijijini.

Hapa pana jambo ambalo halifai kufichwa. Tofali la plastiki lenye vinundu halikubuniwa Billund. Lilibuniwa na Mwingereza Hilary Fisher Page, mwenye kampuni ya Kiddicraft, aliyekuwa na hataza yake Uingereza. Sampuli za matofali hayo zilifika mikononi mwa Ole Kirk na Godtfred pamoja na habari za mashine mpya. Waliyachunguza, wakabadilisha vipimo kidogo, wakanyoosha kingo na kusawazisha vinundu, kisha mwaka wa 1949 wakaanza kuuza matofali yao nchini Denmark.

Page aliaga dunia mwaka wa 1957, kabla matofali ya Billund hayajaanza kuuzwa nchini mwake. Haki zilizosalia za tofali la Kiddicraft zilinunuliwa na LEGO mwaka wa 1981, yaani miaka 24 baada ya kifo chake. Wanaomsifu Godtfred, na sifa anastahili, wasimsahau Mwingereza huyo.

Mwanzoni matofali hayakuuzika. Wenye maduka waliamini kwamba plastiki haiwezi kuchukua nafasi ya mbao, na tofali lenyewe lilikuwa na kasoro: ndani lilikuwa tupu, hivyo halikushikana sawasawa na lililo chini yake. Mtoto akijenga mnara na kuusogeza, unabomoka.

Mwaka wa 1950 Godtfred aliteuliwa kuwa mkurugenzi msaidizi. Miaka minne baadaye, akiwa kwenye meli akielekea Uingereza kuhudhuria maonyesho ya vichezeo, alizungumza na Troels Petersen, mnunuzi wa vichezeo wa duka kubwa la Magasin du Nord jijini Copenhagen. Petersen alilalamika kwamba biashara ya vichezeo haina mfumo wowote. Kila kitu huuzwa pekee na kusahauliwa baada ya Krismasi.

Lalamiko hilo halikumtoka Godtfred kichwani. Alipitia vichezeo zaidi ya 200 vya mbao na plastiki ambavyo kiwanda chao kilikuwa kikitengeneza, akitafuta kimoja kinachoweza kuwa msingi wa mfumo. Akachagua tofali. Wazo lake lilikuwa sahili: kila kitakachouzwa kishikane na kilichouzwa jana na kitakachouzwa miaka kumi baadaye, ili mtoto aliyenunuliwa kasha moja awe na sababu ya kutaka la pili. Mwaka wa 1955 akazindua mfumo huo kwa ramani ya mji mdogo, makasha 28 ya kujengea na magari manane.

Denmark, hata hivyo, ilikuwa soko dogo. Tayari matofali yalikuwa yameanza kutengenezwa Norway na Iceland, na mwaka wa 1955 yakaingia Uswidi. Lakini hao walikuwa majirani. Mtihani halisi ulikuwa Ujerumani, nchi iliyojulikana duniani kote kwa vichezeo, na ambayo jiji lake la Nuremberg lilikuwa kama soko kuu la biashara hiyo. Kumuuzia Mjerumani kichezeo kulikuwa sawa na kumpelekea mvuvi wa Lamu samaki.

Wanunuzi wa Kijerumani waliotazama matofali hayo waliyakataa. Godtfred hakurudi nyuma. Mnamo Januari 1956 alianzisha kampuni ya mauzo huko Hohenwestedt, kaskazini mwa Ujerumani, na kumkabidhi Axel Thomsen uongozi wake. Badala ya kuwabembeleza wenye maduka pekee, walielekeza juhudi kwa wazazi na watoto. Filamu fupi za matangazo zilionyeshwa katika kumbi za sinema za Hamburg, na wazazi wakaanza kuingia madukani kuuliza matofali hayo yanapatikana wapi. Muda si muda wenye maduka walewale wakaanza kuagiza.

Na ni Ujerumani hiyohiyo iliyolifanya tofali kuwa tofali. Mnamo Januari 1958 Thomsen alifika Billund akiwa na malalamiko ya wateja: majengo hayasimami imara. Godtfred alichora mapendekezo kadhaa, na mkuu wa kalibu, Ove Nielsen, akayatengenezea mifano. Mirija iliyowekwa ndani ya tofali ndiyo iliyotatua tatizo, kwani vinundu vya tofali la chini vilibanwa kati ya mirija na kuta. Siku chache baadaye likaandikwa lile ombi la hataza. Wataalamu wa hesabu wamekokotoa kwamba matofali sita ya aina hiyo, yenye rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765.

Kifo cha babake mwezi Machi mwaka huo kilimfanya Godtfred kuwa kiongozi, lakini si mmiliki wa pekee. Nduguze walikuwa na hisa. Mnamo Februari 1960 moto ulizuka tena, safari hii ukiteketeza ghala la vichezeo vya mbao. Godtfred aliamua kwamba mbao zisirudi. Kampuni ishike plastiki tu. Ndugu yake mdogo Gerhardt, aliyesimamia kitengo cha mbao, hakuridhika, wala Karl Georg. Mwaka wa 1961 wote wawili waliondoka, naye akanunua hisa zao. Gerhardt alianzisha kampuni yake ya vichezeo vya kuunganisha, Bilofix.

Yapo maamuzi ya kibiashara ambayo hupimwa kwa faida na hasara. Hili lilimgharimu umoja wa nyumba ya babake.

Baada ya hapo upanuzi ulishika kasi. Tayari kampuni za mauzo zilikuwa zimefunguliwa Ufaransa, Ubelgiji na kwingineko Ulaya. Uingereza ilihitaji mbinu tofauti, na haki ya kutengeneza na kuuza ikapewa Courtaulds, kampuni kubwa ya nguo, iliyoanzisha shughuli hizo huko Wrexham, Wales. Sharti halikubadilika: tofali la Wrexham lishikane na la Billund bila tofauti yoyote. Kwa sababu hiyo kalibu zilichongwa kwa usahihi mkubwa, na kuanzia mwaka wa 1963 plastiki ya awali, iliyokuwa ikipinda na kupauka, ilibadilishwa kwa aina ngumu zaidi iitwayo ABS.

Marekani ndiko Godtfred alikoteleza. Soko lilikuwa mbali na gharama zake zilikuwa kubwa kwa kampuni ya kijijini, hivyo mwaka wa 1961 alitoa leseni kwa Samsonite, watengenezaji wa masanduku ya safari. Kampuni hiyo ilikuwa na mitambo ya plastiki na mtandao wa mauzo. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye masanduku. Baada ya mwanzo wenye matumaini mauzo yalidorora, huku yale ya Ulaya yakipaa. Leseni ya Marekani ilikatizwa mwaka wa 1972, na LEGO ikaanza upya yenyewe, ikipiga kambi katika jimbo la Connecticut, ambako baadaye ilijenga kiwanda. Kwa Kanada ilibidi kusubiri hadi mwaka wa 1986. Zaidi ya mwongo mzima ulipotea katika soko kubwa kuliko yote.

Tatizo jingine lilikuwa Billund kwenyewe, kijiji kilichokuwa mbali na bandari na viwanja vya ndege. Wengi wangehamisha makao hadi Copenhagen. Godtfred alinunua ndege na kutengeneza njia ya kutulia karibu na kiwanda, kisha akazishawishi serikali za mitaa za eneo hilo kujenga uwanja halisi. Uwanja wa ndege wa Billund ulifunguliwa kwa umma mwaka wa 1964, na umekuwa wa pili kwa ukubwa Denmark baada ya ule wa Copenhagen.

Hata wageni walianza kuwa kero. Watu wapatao 20,000 kwa mwaka walikuwa wakifika kiwandani kutazama majumba na wanyama waliojengwa kwa matofali, wakiwatatiza wafanyakazi. Godtfred aliamua kuwatengea mahali pao. Bustani ya Legoland ilifunguliwa Juni 7, 1968, na katika msimu wa kwanza ikatembelewa na watu 625,000, idadi ambayo hata yeye hakuitarajia.

Furaha hiyo haikudumu. Mwaka wa 1969 bintiye Hanne alifariki katika ajali ya gari, na kwa muda Godtfred alipoteza hamu ya kazi. Miaka kumi baadaye alimwachia uongozi mwanawe Kjeld, aliyekuwa na umri wa miaka 31. (Jina la Kjeld huandikwa Kristiansen, kwa K, ilhali la babake ni Christiansen, wahariri wengi wameponzwa na herufi hiyo.) Ulikuwa wakati mgumu, kwa maana muda wa hataza ya mwanzo ulikuwa umekwisha na washindani wakaanza kuuza matofali yanayoshikana na yale ya LEGO. Kampuni iliyochukua wazo la Page ikajikuta mahakamani, katika nchi mbalimbali, ikipigania wazo hilohilo.

Godtfred alibaki mwenyekiti hadi 1993. Aliaga dunia Julai 13, 1995, siku tano baada ya kutimiza umri wa miaka 75. Mwaka wa 1998 kampuni iliandikisha hasara kwa mara ya kwanza, na kufikia 2004 ilikuwa ukingoni mwa kufilisika, baada ya kujitosa katika mavazi, michezo ya video na mengine mengi. Ilijinusuru kwa kuuza bustani za Legoland na kurudi kwenye tofali.

Siku hizi matofali hayo hutengenezwa Denmark, Hungary, Jamhuri ya Cheki, Mexico, China na, tangu Aprili 2025, Vietnam. Tofali lililotoka kiwandani Billund mwaka wa 1958 bado linashikana na lililomiminwa Vietnam.