Askofu Henry Okullu na Ukasisi wa Wanawake Nyanza

Jina la marehemu Askofu John Henry Okullu linapotajwa nchini Kenya, kinachokumbukwa kwanza ni siasa. Hukumbukwa kama mmoja wa viongozi wachache wa dini waliothubutu kuukosoa utawala wa chama kimoja wakati ambapo wanasiasa wengi walikuwa wamenyamaza. Kumbukumbu hiyo ni ya haki, lakini imefunika tendo jingine ambalo halikufanyika jukwaani wala magazetini. Lilifanyika kanisani, katika Dayosisi ya Maseno Kusini, mwaka 1983. Mwaka huo Okullu alimwekea mikono Lucia Okuthe na kumtawaza kuwa kasisi, wa kwanza miongoni mwa wanawake katika Kanisa la Anglikana nchini Kenya. Ukubwa wa tendo hilo hauwezi kupimwa bila kurudi nyuma, hadi kwa mtu mwenyewe na nchi iliyomlea.

Okullu alizaliwa mwaka 1929 huko Ramba, katika eneo la Asembo, karibu na ufuo wa Ziwa Viktoria. Nyanza ya utoto wake ilikuwa imezoea kuona viongozi wa dini wakijishughulisha na mambo ya serikali. Shemasi Mkuu Walter Edwin Owen, mmishenari Mwingereza, alikuwa amewasaidia Waafrika wa eneo hilo kuunda chama cha walipa kodi mwaka 1923, na walowezi hawakumpenda kwa sababu hiyo. Nyanza hiyo hiyo ilikuwa pia imezoea kuwaona wanawake wakifundisha dini na kuongoza shule. Mabinti wengi wa Kiluo na Kiluhya walijifunza kusoma Biblia mikononi mwa wanawake wamishenari, akina Jane Chadwick huko Butere na Fanny Moller huko Ng'iya. Hata hivyo, walimu hao, kwa elimu na madaraka yao yote, hawakuruhusiwa kusimama madhabahuni na kuibariki mikate.

Akiwa kijana Okullu alielekea Uganda, na huko ndiko alikosomea huduma ya kanisa, katika Chuo cha Bishop Tucker, Mukono. Alitumikia Kampala, akahariri New Day, gazeti la Kanisa la Uganda, na akaenda Marekani kusoma theolojia katika seminari ya Virginia. Aliporejea Afrika Mashariki na kuhamia Nairobi, alikabidhiwa uhariri wa Target, gazeti la Kikristo la Kiingereza ambalo lilikuwa na mwenzake wa Kiswahili, Lengo. (Hilo la pili linastahili kuchunguzwa na wanafunzi wa Kiswahili kuliko lilivyochunguzwa hadi sasa, kwani ni hazina ya nathari ya habari na maoni ya miaka ya 1960 na 1970.) Mwaka 1969, baada ya kuuawa kwa Tom Mboya, viapo vya kikabila vilienea katika Kenya ya kati, na Target ilivipinga waziwazi. Mhariri alijifunza hapo kwamba ukweli una gharama, na kwamba gharama hiyo hailipwi na kamati bali na mtu ambaye jina lake limeandikwa juu ya gazeti.

Baadaye alikuwa Provosti wa Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi. Kipindi hicho, mwanzoni mwa mwaka 1971, Baraza la Ushauri la Anglikana la dunia nzima lilikutana kwa mara ya kwanza, nalo likakutana Limuru, mwendo mfupi kutoka Nairobi. Mezani palikuwa na swali kutoka Hong Kong: je, askofu wa huko, akikubaliwa na sinodi yake, anaweza kuwatawaza wanawake kuwa makasisi? Swali hilo lilikuwa na historia. Mnamo tarehe 25 Januari 1944, katikati ya vita, Askofu Ronald Hall alimtawaza Florence Li Tim-Oi ili waumini wa Macau, waliokuwa hawana kasisi, wasikose Meza ya Bwana. Vita vilipokwisha malalamiko yalikuwa makali, naye Li akakubali kuacha kutumia kibali chake cha ukasisi. Huko Limuru kura zilipohesabiwa, walioafiki walikuwa 24 na waliokataa 22. Tofauti ya kura 2 ndiyo iliyofungua mlango. Kwa hiyo wale wanaodai kwamba jambo hili liliagizwa na Wazungu na kuletwa Afrika likiwa tayari limeiva wanasahau kwamba mlango wenyewe ulifunguliwa katika ardhi ya Kenya, kwa ombi la kanisa la Asia.

Mwaka 1974 Okullu alifanywa kuwa Askofu wa Maseno Kusini, makao yake yakiwa Kisumu. Dayosisi hiyo ilitokana na kugawanywa kwa Dayosisi ya Maseno mwaka 1970, na ndiyo iliyowahudumia Waluo wa pande zote za Ghuba ya Winam.

Ili kuelewa alichokikuta, yafaa kuutazama mji mmoja wa mbali katika eneo hilo. Usenge ni mji wa wavuvi katika Yimbo, karibu na kilima cha Got Ramogi, ambapo masimulizi ya Waluo yanasema Ramogi na watu wake waliweka makazi walipoingia nchi ambayo leo ni Kenya. Wavuvi wa omena huingia ziwani usiku wakiwa na taa. Kunapopambazuka wanawake huwaanika samaki hao juani, huwapima kwa mikebe na kuwapeleka sokoni. Katika vijiji vya ufuo wa namna hiyo, Jumapili viti vingi kanisani hukaliwa na wanawake. Wao ndio wanaofagia, wanaoimba, wanaofundisha watoto na wanaowatembelea wagonjwa. Kasisi mmoja huwa na makanisa kadhaa ya kuyazungukia, na asipofika, msomaji wa kanisa huendesha sala za asubuhi na watu wakarudi nyumbani bila ushirika. Mwanamke angeweza kuhubiri siku hiyo hadi watu watokwe na machozi. Lakini kuutakasa mkate na divai, kutamka ondoleo la dhambi na kuwabariki watu kwa mamlaka ya kanisa hakungewezekana, maana hayo ni ya daraja ya ukasisi, na daraja hiyo haipatikani ila kwa mikono ya askofu. Hapo ndipo kufuli lilipokuwa, na ufunguo ulikuwa mkononi mwa mtu mmoja.

Wala isidhaniwe kwamba watu wa Nyanza hawakuwa wamewahi kumwona mwanamke mwenye mamlaka ya kiroho. Katika vuguvugu la Roho lililoongozwa na Alfayo Odongo Mango, aliyeuawa Musanda mwaka 1934, wanawake walikuwa miongoni mwa waliotoka kwenda kuhubiri na kueneza habari. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, Rwanda, na kufika Maseno mwaka 1938, uliwapa wanawake nafasi ya kusimama mbele ya waume na wazee na kutoa ushuhuda. Kisha, mwaka 1963, kijana wa kike aitwaye Gaudencia Aoko alivuta maelfu ya watu katika siku za mwanzo za Legio Maria, akibatiza na kupinga uchawi. Makanisa ya kimishenari yaliyatazama hayo yote kwa wasiwasi. Ukweli wenyewe unauma kidogo: waliofukuzwa au kutoka katika makanisa makubwa walikuwa wametangulia kuyafanya yale ambayo makanisa hayo yalikuwa bado yanayajadili kwenye vikao.

Mjadala wa Waanglikana wa Kenya ulifikia hatua muhimu mwaka 1980, pale Kanisa la Jimbo la Kenya (CPK), kama lilivyoitwa wakati huo, lilipokubali kwa kanuni kwamba wanawake wanaweza kutawazwa, na kuiachia kila dayosisi uamuzi wake. Uamuzi wa namna hiyo huonekana kuwa wa hekima, na pengine ulikuwa wa hekima, lakini pia ni njia ya kulitua zigo. Jimbo lilisema ndiyo, kisha likasubiri askofu atakayetangulia kulibeba. Na ye yote ambaye angetangulia alijua kwamba kasisi wake huenda asipokelewe katika dayosisi jirani, akakatazwa kuhudumu mara tu avukapo mpaka.

Okullu alitangulia. Hakungoja maaskofu wote wawe na nia moja. Lucia Okuthe akawa kasisi mwaka 1983, na katika mwaka huo huo Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, naye akawatawaza wanawake. Si ajabu kwamba mambo hayo mawili yalitokea katika nchi mbili ambazo makanisa yake yalikuwa yamefinyangwa na Uamsho. Pale ambapo ushuhuda wa mama mjane ulikuwa umeheshimiwa kwa miaka 40 na zaidi, hoja ya kwamba sauti yake haifai madhabahuni ilikuwa imekwisha kulegea.

Upinzani ulikuwa na misingi miwili. Wa kwanza ulikuwa wa Maandiko, hasa nyaraka za Mtume Paulo na ile sharti ya askofu kuwa mume wa mke mmoja. Wa pili ulikuwa wa mila, nao ndio uliokuwa mzito zaidi, ingawa aghalabu ulivaa joho la ule wa kwanza. Katika mila ya Waluo, mambo ya mazishi, boma na ardhi huamuliwa na wazee wanaume. Kasisi ndiye anayesimama kaburini. Kumfanya mwanamke kuwa kasisi ni kumweka mbele ya wazee pale ambapo kwa desturi hukaa pembeni na kuomboleza. Uzito wa jambo hili ulidhihirika miaka michache baadaye katika kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alidai haki ya kumzika mumewe karibu na Nairobi, nao ukoo wa Umira Kager ukadai haki ya kumrudisha nyumbani. Mei 1987 ukoo ulishinda, Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya. Basi katika eneo lile lile, sheria ya nchi ilimnyima mke sauti juu ya kaburi la mumewe, ilhali kanisa lilikuwa limekwisha kumpa mwanamke mamlaka ya kumzika yeyote. Ni nadra madhabahu kuitangulia mahakama kwa namna hiyo.

Kwa upande wa lugha, jambo hili lilikuwa jepesi kuliko kwingineko. Waingereza walibishana juu ya neno lipi litumike kwa kasisi wa kike. Kiswahili hakikuhitaji kubuni lolote, kwani kasisi, mchungaji, shemasi na askofu wote wamo katika ngeli ya A-WA, na ngeli hiyo haiulizi jinsia. Dholuo nayo, pamoja na kiambishi chake cha ja- katika jadolo, haikuwa na kizuizi. Kizuizi kilikuwa katika mazoea ya watumiaji.

Miaka iliyofuata ilimvuta Okullu katika mapambano makubwa ya kisiasa. KANU ilipoamua mwaka 1986 kwamba wapiga kura wapange milolongo nyuma ya wagombea wao, alikuwa miongoni mwa viongozi wa kanisa waliopinga, pamoja na Alexander Muge, David Gitari na Timothy Njoya. Mwaka 1990 alitaka katiba ibadilishwe ili vyama vingi viruhusiwe, na rais asitawale zaidi ya vipindi viwili. Alitukanwa na wanasiasa, akaambiwa avue kanzu aingie uwanjani. Kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kilifutwa Desemba 1991. Wachambuzi wa maisha yake hukitenga kipindi hiki na lile tendo la mwaka 1983, kana kwamba ni habari za watu wawili. Yamkini utengano huo si sahihi. Aliyeitaka serikali ikubali kwamba madaraka si mali ya wachache angekuwa katika hali ngumu kuitetea meza iliyofungiwa nusu ya waumini, tena nusu iliyo kubwa.

Okullu alistaafu mwaka 1994 na kufariki Machi 1999, akiwa na umri wa miaka 69. Kufikia wakati huo dayosisi nyingine za Kenya zilikuwa zimekwisha kuwatawaza wanawake, na dayosisi yake ya zamani ilikuwa imegawanywa. Maseno Magharibi ilizaliwa mwaka 1985, na kutoka humo ikatoka Bondo mwaka 1993, dayosisi ambayo ndani yake mna Usenge. Lakini uaskofu ulibaki kwa wanaume. Ukasisi uliwapa wanawake kazi ya madhabahuni, na kazi nyingi kweli kweli. Viti vya maamuzi viliwakawilia. Baina ya kutawazwa kwa Lucia Okuthe na kuwekwa wakfu kwa mwanamke wa kwanza kuwa askofu katika Kanisa la Anglikana la Kenya ilipita miaka 38.

Aliyewekwa wakfu, Januari 2021, alikuwa Dkt. Emily Onyango, mwanahistoria wa elimu ya wanawake na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha St. Paul's kilichoko Limuru, mji ule ule wa kura 24 kwa 22. Alifanywa kuwa Askofu Msaidizi wa Bondo. Mnamo Septemba mwaka huo Rose Okeno akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Butere, akiwa wa kwanza kukabidhiwa dayosisi nzima, mahali ambapo Jane Chadwick aliwahi kuwafundisha mabinti kusoma.