Armauer Hansen na Daftari Lililofichua Chanzo cha Ukoma

Gerhard Armauer Hansen alizaliwa tarehe 29 Julai, 1841 mjini Bergen, Norwei. Enzi hizo ukoma ulikuwa umeenea katika pwani ya magharibi ya nchi hiyo, nao madaktari wengi, akiwemo Daniel Cornelius Danielssen, ambaye baadaye alikuwa baba mkwe wake, waliamini kuwa ni ugonjwa wa kurithi.

Mwaka 1856 Serikali ya Norwei ilianzisha daftari la kitaifa la wagonjwa wa ukoma. Madaktari wa wilaya waliandika humo jina la kila mgonjwa, makazi yake, ndugu zake waliougua, wakati alipoanza kuugua na, hatimaye, kifo chake.

Hansen alipoanza kuwahudumia wagonjwa hao mwaka 1868, daftari lilikuwa limekwisha kukusanya kumbukumbu za zaidi ya miaka kumi. Alizilinganisha wilaya kwa wilaya, akabaini kuwa wagonjwa wapya walipungua zaidi pale ambapo wagonjwa wengi walilazwa hospitalini. Ugonjwa wa kurithi usingepungua kwa namna hiyo. Huo ulikuwa ugonjwa wa kuambukiza. Mwaka 1873 aliviona kwa hadubini vimelea vinavyousababisha.

Mwaka 1875 aliteuliwa kuwa mganga mkuu wa ukoma nchini humo. Sheria za mwaka 1877 na 1885, zilizohusu matunzo na utengaji wa wagonjwa, zilitokana na hoja zake. Wagonjwa wapya waliendelea kupungua, ijapokuwa wengi walilipa gharama ya kutengwa na jamaa zao.

Maisha yake hayakukosa doa. Mwaka 1880 mahakama mjini Bergen ilimtia hatiani kwa kumfanyia mgonjwa mmoja jaribio la jicho bila ridhaa yake. Alivuliwa wadhifa wa hospitali, lakini akabaki mganga mkuu wa ukoma hadi alipofariki dunia tarehe 12 Februari, 1912.

Katika uhai wake haikuwepo dawa ya kuponya ukoma. Leo ugonjwa huo hutibika kwa dawa mseto, na kumsajili kila mgonjwa huwawezesha wahudumu kufuatilia dozi yake hadi mwisho na kuwachunguza wanaoishi naye kabla ulemavu haujaingia. Kumbukumbu za ukoma za Bergen ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2001.