Marie Curie: Mwanasayansi aliyedhuriwa na miale iliyowafaa majeruhi

MARIE Curie anakumbukwa na wengi kwa kugundua elementi mbili, poloniamu na radiamu, na kwa kutwaa Tuzo ya Nobel mara mbili. Wachache wanajua kwamba kazi iliyomhatarisha zaidi huenda ilikuwa ya kupiga picha mifupa ya vijana waliojeruhiwa vitani.

Alizaliwa Novemba 7, 1867 jijini Warsaw, Poland, nchi hiyo ikiwa chini ya himaya ya Urusi. Jina lake la usichanani lilikuwa Maria Skłodowska. Kwa kuwa chuo kikuu cha huko hakikuwapokea wanawake, alifundisha watoto wa watu majumbani ili kumsaidia dadake, Bronia, kusomea udaktari jijini Paris. Mnamo 1891 zamu yake ilifika, akajiunga na Chuo Kikuu cha Sorbonne.

Mwaka wa 1895 aliolewa na mwanafizikia Pierre Curie. Mwaka uo huo, Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei, inayopenya nyama na kuonyesha mifupa. Hospitali ziliikumbatia mara moja. Haukupita muda kabla ya baadhi ya walioitumia kuanza kuungua ngozi na hata kupoteza vidole.

Curie na mumewe walitangaza elementi zao mnamo 1898, na 1903 wakatuzwa Nobel ya fizikia pamoja na Henri Becquerel. Pierre alifariki 1906 baada ya kugongwa na mkokoteni wa farasi. Mjane huyo aliendelea na kazi, akapata Nobel ya kemia mnamo 1911.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka 1914, alibaini kwamba mitambo ya eksirei ilikuwa mijini ilhali majeruhi walikuwa mbali, karibu na medani. Alichangisha fedha na magari, akayawekea mtambo na jenereta ya umeme, na mwenyewe akajifunza kuendesha. Magari yapatayo 20 na vituo 200 alivyosaidia kuanzisha vilihudumia zaidi ya majeruhi milioni moja. Daktari sasa aliweza kuona risasi ilipokwama na mfupa ulipovunjika kabla ya kushika kisu.

Bintiye Irène, aliyekuwa na umri wa miaka 16 vita vilipoanza, alimsaidia. Wanawake wapatao 150 walifunzwa kazi hiyo.

Majeruhi alipigwa picha chache kisha akaondolewa. Marie na Irène walibaki kando ya mtambo, wakimpokea mwingine na mwingine. Kinga yao ilikuwa hafifu, na miale iliyowaingia haikupimwa.

Marie alifariki Julai 4, 1934 akiwa na umri wa miaka 66, baada ya uboho wake kushindwa kutengeneza damu. Irène alifariki 1956 kwa saratani ya damu.

Mnamo 1995, jeneza la Marie lilipofukuliwa ili lihamishiwe Panthéon, wanakozikwa mashujaa wa Ufaransa, wataalamu walipima radiamu iliyokuwamo. Kiwango kilikuwa kidogo, wakahitimisha kuwa yamkini eksirei za vitani ndizo zilizomdhuru zaidi.

Misiba ya kizazi hicho ndiyo iliyozaa kanuni za kinga. Kamati ya kimataifa ya kushughulikia suala hilo iliundwa jijini Stockholm mnamo 1928.

Kanuni hizo zinamhusu kijana wa leo anayeumwa na viungo. Eksirei moja ya goti humpa miale michache mno, isiyozidi anayopata kwa siku chache tu kutoka ardhini na angani. Picha ya nyonga au ya sehemu ya chini ya uti wa mgongo huweza kutoa mara mia moja ya kiasi hicho, au zaidi. Skani ya CT ya kiuno huweza kupita kiasi cha miale ya asili ya mwaka mzima.

Hatari ya saratani kutokana na picha moja ni ndogo, lakini huongezeka kadiri picha zinavyorudiwa. Kijana ana sababu ya kuwa mwangalifu zaidi, kwa kuwa ana miaka mingi mbele yake ambamo madhara yanaweza kujitokeza. Uchunguzi wa ultrasaundi na ule wa MRI hautumii miale ya aina hii, na aghalabu huonyesha vyema zaidi kano na misuli.

Hata hivyo, si busara kukataa picha pale mfupa unaposhukiwa kuvunjika au kuwa na uvimbe. Linalofaa ni kumuuliza daktari iwapo picha hiyo itabadilisha matibabu, na kumpelekea zilizopigwa awali ili zisirudiwe bure. Marie na bintiye hawakuwa na wa kuwahesabia miale. Mgonjwa wa leo anaweza kuuliza kabla hajalala chini ya mtambo.