Rabin: Jemadari aliyeng'amua kuwa dawa ya moto si moto daima

USIKU wa Jumamosi, Novemba 4, 1995, walinzi wa Waziri Mkuu wa Israeli, Yitzhak Rabin, walikuwa chonjo jijini Tel Aviv. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mlipuaji wa kujitoa mhanga alikuwa ameua watu 22 ndani ya basi katika barabara ya Dizengoff, jijini humo humo. Hofu kuu ilikuwa kwamba Mpalestina mwenye mabomu angejipenyeza katika umati uliokusanyika kuunga mkono amani. Hakutokea Mpalestina yeyote. Aliyemmiminia Rabin risasi mgongoni alikuwa Myahudi, mwanafunzi wa sheria mwenye umri wa miaka 25 kwa jina Yigal Amir.

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Hata hivyo, maisha ya Rabin yana funzo jingine zaidi ya hilo. Kwa takriban miaka 50 aliamini kuwa dawa ya moto ni moto, na alipoanza kutilia shaka imani hiyo, muda wake wa kuishi ulikuwa umekaribia kwisha.

Rabin alizaliwa Jerusalemu mnamo Machi 1, 1922, Palestina ikiwa chini ya utawala wa Uingereza. Mamake, Rosa, alikuwa miongoni mwa viongozi wa Haganah, jeshi la siri la Wayahudi, naye aliaga dunia mwanawe akiwa na miaka 15. Kijana huyo alihitimu katika shule ya kilimo ya Kadoorie, azma yake ikiwa ni kwenda Marekani kusomea uhandisi wa maji. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilimkatizia safari. Mnamo 1941 alijiunga na Palmach, kikosi teule cha Haganah, na kufikia 1946 alikuwa mfungwa wa Waingereza huko Rafah kwa sababu ya harakati zake.

Julai 1948, miezi miwili baada ya taifa la Israeli kutangazwa, Rabin alikuwa afisa wa operesheni katika shambulio lililoteka miji ya Kiarabu ya Lydda na Ramle. Ni yeye aliyetia sahihi amri ya kuwafurusha wakazi. Watu kati ya 50,000 na 70,000 walipoteza makao yao kwa siku chache. Waliotoka Lydda walitembea kwa miguu katika jua kali, na baadhi yao wakafa njiani kwa kiu na uchovu. Rabin hakuficha jambo hilo. Alilisimulia katika kitabu cha maisha yake cha mwaka wa 1979, lakini kamati ya mawaziri wa Israeli ikaifuta sehemu hiyo kabla ya kitabu kuchapishwa. Gazeti la New York Times ndilo lililoifichua.

Miongoni mwa waliofurushwa Lydda alikuwamo mwanafunzi wa udaktari, George Habash. Miongoni mwa wale wa Ramle alikuwamo mvulana wa miaka 12, Khalil al-Wazir. Wa kwanza alikuja kuanzisha chama cha PFLP, kilichotia fora kwa utekaji nyara wa ndege. Wa pili alishirikiana na Yasser Arafat kuunda Fatah, akajulikana kwa jina la Abu Jihad. Rabin angekutana tena na matokeo ya Julai hiyo.

Nyota yake iliendelea kung'aa. Alikuwa mkuu wa majeshi wakati wa vita vya siku sita vya Juni 1967, ambapo Israeli ilitwaa Ukingo wa Magharibi, Jerusalemu Mashariki na Ukanda wa Gaza. Kisha alihudumu kama balozi nchini Marekani, na mnamo Juni 1974 akamrithi Golda Meir kama waziri mkuu.

Miaka miwili baadaye, jina lake lilifika hadi huku kwetu Afrika Mashariki. Mnamo Juni 27, 1976, ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv ilitekwa ilipoondoka Athens, ikaishia Entebbe, Uganda. Watekaji walikuwa Wajerumani wawili na Wapalestina wawili wa kundi lililochipuka kutoka chama cha Habash. Walidai wafungwa 53 waachiliwe, watano wao wakidaiwa kuzuiliwa nchini Kenya.

Mwanzoni, serikali ya Rabin ilikubali kushauriana na watekaji, kwani hapakuwa na mpango wa kijeshi uliomridhisha. Mpango ulipopatikana, aliuidhinisha. Usiku wa kuamkia Julai 4, makomando waliokoa mateka 102. Mateka watatu walikufa katika makabiliano hayo, na mama mzee aliyekuwa amelazwa hospitalini Kampala aliuawa baadaye kwa kisasi. Askari kadhaa wa Uganda walipoteza maisha, na upande wa Israeli akafa kamanda Yonatan Netanyahu.

Ndege za Israeli zilitua Nairobi kutia mafuta zikirejea nyumbani, na Kenya ililipia. Idi Amin aliwageukia Wakenya walioishi Uganda, mamia wakauawa. Mkesha wa mwaka mpya wa 1981, bomu lililipua hoteli ya Norfolk jijini Nairobi, tukio lililochukuliwa na wengi kuwa kisasi cha Entebbe.

Sifa za Entebbe hazikumkinga Rabin kisiasa. Mnamo Aprili 1977 alijiondoa uongozini baada ya kufichuka kuwa mkewe, Leah, alikuwa na akaunti ya dola mjini Washington kinyume cha sheria ya Israeli ya wakati huo.

Alirejea mwaka wa 1984 akiwa Waziri wa Ulinzi. Desemba 1987, lori la Israeli liligonga magari huko Gaza na kuua Wapalestina wanne, na maandamano yakalipuka. Hiyo ndiyo Intifadha ya kwanza. Vijana walirusha mawe na mabomu ya petroli. Rabin aliagiza jeshi litumie nguvu na vipigo, na picha za televisheni za askari wakiwavunja vijana mikono zikaitia doa Israeli duniani kote. Aprili 1988, makomando walimuua Abu Jihad nyumbani kwake Tunis. Mvulana wa Ramle alikuwa ameondolewa, ila Intifadha haikuzimika. Hadi 1993, Wapalestina zaidi ya 1,000 walikuwa wameuawa na Waisraeli.

Aliporejea kuwa waziri mkuu mnamo 1992, bado alishika fimbo. Desemba mwaka huo, baada ya askari wa Israeli kutekwa na kuuawa, aliwafukuza wafuasi 415 wa Hamas na Islamic Jihad hadi mlimani kusini mwa Lebanon. Kitendo hicho kiliwajenga badala ya kuwabomoa. Ulimwengu uliwaonea huruma, nao wakapata nafasi ya kukaribiana na Hezbollah.

Ni katika hali hiyo ambapo Rabin alikata kauli. Alikuwa ameshawishika kuwa jeshi lingeweza kushinda majeshi mengine, si kutawala milele umma unaoikataa serikali yake. Mnamo Septemba 13, 1993 alimpa Arafat mkono mjini Washington, uso wake ukionyesha wazi jinsi alivyosita. Mwaka wa 1994 walituzwa Nobel ya Amani pamoja na Shimon Peres.

Mkataba huo ulikuwa na mapengo. Haukuahidi taifa la Palestina, na idadi ya walowezi iliendelea kupanda. Februari 25, 1994, mlowezi Baruch Goldstein aliwaua Waislamu 29 wakiswali katika msikiti wa Ibrahimi mjini Hebron. Rabin alishauriwa kuwaondoa walowezi wa mji huo, akasita, na amri ya kutotoka nje ikawaangukia Wapalestina wenyewe. Siku 40 baadaye, Hamas ililipua bomu Afula na kuua watu wanane. Mabomu mengine yakafuata. Rabin alifunga mipaka kwa vibarua wa Kipalestina, lakini hakukatiza mazungumzo.

Wapinzani wake nyumbani walimwita msaliti. Inasemekana hakutaka kuvaa fulana ya kuzuia risasi katikati ya watu wake mwenyewe.

Katika mazishi yake, Mfalme Hussein wa Jordan na Rais Hosni Mubarak wa Misri walihudhuria. Arafat hakuweza kwa sababu za usalama, ila siku chache baadaye alimtembelea mjane Leah nyumbani kwake Tel Aviv kumpa pole.

Mapema mwaka wa 1996, mabomu ya Hamas yaliua makumi ya Waisraeli. Mei mwaka huo, wapiga kura walimkataa Peres na kumchagua mpinzani mkuu wa mkataba ule, Benjamin Netanyahu, nduguye yule kamanda aliyefia Entebbe. Tangu hapo kumekuwa na Intifadha ya pili ya mwaka wa 2000, shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023 lililoua watu wapatao 1,200 nchini Israeli, na vita vya Gaza vilivyofuata, vilivyoua makumi ya maelfu ya Wapalestina.

Hakuna ajuaye kama Rabin angefaulu lau angeishi. Linalojulikana ni kwamba aliyetia sahihi amri ya Lydda akiwa na miaka 26 alimpa Arafat mkono mjini Washington akiwa na miaka 71, na kwamba aliuawa kwa sababu ya hatua hiyo ya pili.