Lucille Ball: Msupa wa Chokoleti Aliyekaribia Kupoteza Kila Kitu Juu ya Babu Yake

Kama wewe ni wa Ramisi, lazima umeskia wazee wakipiga stori za kile kiwanda cha sukari kilichofungwa 1988. Mashine haikungoji, miwa inakuja tu, ukizubaa imekupita. Sasa chukua hiyo picha, toa miwa, weka chokoleti. Weka na wamama wawili ambao hawajawahi kufanya mboka ya kiwanda maishani. Supervaiza amewaonya kwamba chokoleti moja ikipita bila kufungwa karatasi, wote wawili wanaenda home.

Mkanda unaanza pole pole. Fiti. Halafu unaongeza mwendo. Wanashindwa kufunga, wanaanza kula. Mdomo ukijaa wanaficha kwa kofia, kofia ikijaa wanaingiza ndani ya blauzi. Supervaiza anarudi, anacheki mkanda uko safi, anadhani amepata mafundi. Anaagiza uendeshwe mbio zaidi.

Hiyo episodi ya I Love Lucy ilitoka 15 Septemba 1952. Babu yako pengine alikuwa bado anachunga mbuzi. Na mpaka leo klipu yake inatembea kwa simu kama kitu cha jana. Yule wa nywele nyekundu mwenye mashavu yamefura chokoleti ndiye Lucille Ball, na maisha yake hayakuwa na kicheko kingi vile unadhani.

Alizaliwa 6 Agosti 1911, Jamestown, jimbo la New York. Akiwa na miaka 3 mzae wake akafa kwa homa ya matumbo. Akalelewa sana na babu na nyanya upande wa mamake. Shika huyo babu vizuri, anaitwa Fred Hunt, atarudi kwa hii stori mara mbili, na zote ni noma.

Mara ya kwanza ni 1927. Babu alikuwa amenunua bunduki ndogo kwa ajili ya kakake Lucy. Watoto wakawa wanajifunza kulenga shabaha nyuma ya nyumba, babu akisimamia. Risasi ikampata mtoto wa jirani, akapooza. Kesi ikaenda kortini, babu akashindwa, na familia ikapoteza keja. Lucy alikuwa hajafika hata miaka 16.

Alijaribu shule ya uigizaji New York, walimu wakaona hana kitu, ni mwoga mno. Akarudi home. Akaenda tena, akawa modo wa nguo, akaugua maumivu ya viungo mpaka ikabidi ajifunze kutembea upya. 1933 akatua Hollywood, na kwa miaka karibu 20 akacheza filamu baada ya filamu bila kuomoka kabisa. Wewe ukisota miezi sita unaanza kulaumu majirani.

1940 ndio akakutana na Desi Arnaz, mwanamuziki kutoka Cuba, kwenye filamu ya kampuni ya RKO. Mwaka huo huo wakaoana. Shida ni kwamba Desi alikuwa barabarani na bendi yake kila saa, na tabia zake na mademu hazikuwa siri. Kwa hivyo kampuni ya CBS ilipotaka Lucy afanye kipindi cha runinga, akaweka sharti moja: bwana wa kipindini awe bwana wa nyumbani. CBS wakagoma. Waliona Wamarekani hawatakubali mke mzungu na mume mwenye lafudhi ya Cuba. Wawili hao wakachukua vichekesho vyao wakazunguka navyo majukwaani 1950, watu wakawapenda, CBS wakanyamaza.

Hapa kuna hesabu ambayo hata wewe wa content unafaa kuisoma mara mbili. Siku hizo vipindi vingi vilirushwa laivu kutoka New York. Desi na Lucy walitaka kubaki Los Angeles na kurekodi kwa filamu safi, kamera tatu kwa pamoja, mbele ya watazamaji. Gharama ikapanda. Wakakubali kukatwa mshahara, lakini kampuni yao, Desilu, ibaki na umiliki wa hizo filamu. Wakubwa wakaona ni sawa tu, nani atataka kuangalia kipindi mara ya pili? Kumbe hapo ndipo marudio ya vipindi yalipogeuka biashara.

I Love Lucy ikaanza 15 Oktoba 1951. Kama unamkumbuka Mama Kayai wa Vitimbi akimzungusha Mzee Ojwang', basi Lucy unamjua nusu. Mke ana njama, mume anagundua, mambo yanaharibika. Hata ile episodi ya chokoleti ina upande wa pili: mabwana wamebaki nyumbani kupika ili waonyeshe kazi ya nyumbani si kitu, na wali unafura, unatoka kwa sufuria, unamwagika jikoni kote. Mtu wa Pwani ukiona vile wali unateswa pale unaweza kulia.

Akapata mimba kweli, ikaandikwa kwa stori. Ila neno lenyewe la mimba lilikuwa marufuku hewani, na viongozi wa dini wakapewa maandiko wayapitie. 19 Januari 1953 mtoto wa kipindini akazaliwa, na siku hiyo hiyo Lucy akajifungua kwa upasuaji hospitalini. Watu kama milioni 44 walikuwa wamekaa mbele ya runinga. Kesho yake Eisenhower akaapishwa kuwa rais, na hakufikisha idadi hiyo.

Halafu babu akarudi.

Miaka hiyo Marekani ilikuwa inasaka wakomunisti vile kanjo wanasaka wachuuzi. Jina lako likitajwa tu, kazi imeisha, na waigizaji kibao walikuwa wameshamalizwa. Sasa, huko nyuma 1936, Fred Hunt, ambaye alikuwa mtu wa kutetea wafanyakazi, alimsihi Lucy ajiandikishe kama mpiga kura wa chama cha kikomunisti. Lucy akatia sahihi kumfurahisha mzee, basi. Babu akafa 1944. Karatasi haikufa.

Septemba 1953 Lucy aliitwa kuhojiwa faraghani, akaeleza hivyo hivyo. Siku mbili baadaye mtangazaji Walter Winchell akadokeza redioni kwamba kuna nyota wa kike mkubwa mwenye kesi ya ukomunisti. Ijumaa, 11 Septemba, magazeti yakalipuka. Na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kurekodi. Hebu jiweke kwa viatu vyake: una mtoto wa miezi minane, una kampuni yenye wafanyakazi, mdhamini anaweza kukuhepa usiku huo huo, na nje kuna watu mia kadhaa wanaingia kukutazama, hujui wamekuja kucheka ama kukuzomea.

Desi akatoka mbele peke yake, akawaeleza ukweli wote, kisha akatania kwamba kitu chekundu pekee kwa Lucy ni nywele, na hata hizo ni za dawa. Watu wakasimama wakapiga makofi. Lucy akatoka, akafanya kazi. Mdhamini akabaki.

Ndoa ndiyo haikubaki. Waliachana 1960, na 1962 Lucy akanunua hisa za Desi, akawa bosi wa Desilu, studio iliyokuwa imeshanunua majengo ya RKO, kule kule alikokuwa mwigizaji wa mshahara. Akiwa kwenye kiti hicho, bodi ilitaka kukataa kipindi fulani cha vyombo vya angani juu ya gharama. Lucy akasema kifanywe. Kilikuwa Star Trek.

Na hapa inaingia lugha yako. Ndani ya chombo kile kulikuwa na afisa wa mawasiliano, mwanamke mweusi aliyechezwa na Nichelle Nichols, anaitwa Uhura. Ndiyo, kutoka uhuru. Nichols alienda kwa majaribio akiwa na riwaya ya Robert Ruark kuhusu Kenya, yenye jina hilo. Episodi ya kwanza kuonyeshwa, 8 Septemba 1966, ina kiumbe kinachojigeuza mwanaume mweusi ili kimnase Uhura, na kinamtongoza kwa Kiswahili. Kenya ilikuwa haijafikisha miaka mitatu ya uhuru.

Lucy aliuza studio 1967 kwa dola milioni 17. Alijaribu kurudi na kipindi kipya 1986, kikakatwa baada ya episodi nane. Mwaka huo huo, Desemba, Desi akafa. Lucy alimfuata 26 Aprili 1989, mshipa mkubwa wa moyo ulipasuka. Alikuwa na miaka 77.

Kama una bando usiku huu, anza na ile ya chokoleti. Usiangalie ukiwa na njaa.